Mapovu ya Boga

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, msitu wa Diani ulikuwa bado unashuka hadi karibu na mchanga, na hoteli za ufuoni ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Boga aliamshwa kila asubuhi na mbega waliorukaruka juu ya paa la makuti. Alimwamkia bibi yake, akateka maji kisimani, akanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, kisha yeye na dada yake Kadzo wakashika njia ya shule. Waliimba wimbo wa taifa njia nzima, si kwa kuamrishwa na mwalimu, bali kwa kuwa ulikuwa mpya na hawajachoka kuuimba.

Jioni ilikuwa ya bahari. Pale mwamba ulipoachana ukafanya mlango wa kupitia vyombo, watoto wa kijiji walikuwa na mchezo wao. Mnazama pamoja, kila mmoja anachota mchanga wa chini, na wa mwisho kuibuka ndiye bingwa. Sharti lilikuwa moja tu: mdomo ufungwe. Ukitoa povu hata moja, umeshindwa, nawe utachekwa mpaka nyumbani. Walioshindwa mapema walibaki juu kwenye mtumbwi, wakichungulia majini kama majaji.

Boga hakuwa na mpinzani. Alikaa chini hadi wenzake wakaanza kuogopa, akaibuka na ngumi ya mchanga huku akitabasamu. Wakamwita Kasa. Aliyemkaribia ni Ngala peke yake, mtoto wa mkata miwa wa Ramisi, na Ngala hakuzipenda nafasi za pili.

"Jina lako ni Boga," Ngala alikuwa akimwambia, "na boga huelea. Iko siku utaelea."

"Nisubiri huko huko juu," Boga alimjibu. "Si ndiko ulikozoea?"

Mjomba wao, Abdurahman, alifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni. Alianza kwa kufagia majani, akaja kuosha mashua, na mwisho akajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, chombo cha chuma kinachobebwa mgongoni na kumpa mtu pumzi huko chini. Kijijini hakuna aliyewahi kukivaa kabla yake. Mkuu wa mashua za hoteli alikuwa Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka na miwani ya maji kwenye paji la uso, hata mezani, basi watu wakamwita Bwana Miwani. Yeye aliamini kuwa wenyeji ni hodari wa kupiga kasia, lakini kazi ya mtungi hawaiwezi.

Maneno hayo yalimchoma Abdurahman. Akamwendea na kumwambia, "Bendera tumepandisha wenyewe, bwana. Na bahari hii tumezaliwa nayo. Nipe ruhusa niwafundishe vijana wetu."

Bwana Miwani aliisukuma miwani yake juu zaidi. "Fundisha moja kwanza," alisema. "Hiyo moja kama yeye naweza, mimi natazama kwa macho yangu. Kama hapana weza, maneno kwisha."

Huyo mmoja aliyechaguliwa ni Boga. Vijana wengi wa kijiji wasio na kazi walijua kwamba mlango wao wa riziki umewekwa juu ya mabega ya mtoto yule.

Abdurahman alikuwa mpenzi wa mashairi, na hata kanuni za kuzamia alizitia katika mizani ili zisisahaulike. Siku ya kwanza, wakiwa wamesimama kwenye maji ya kiunoni, alimkaririsha mpwa wake ubeti huu:

*Pumua ukizamia, pumua ukiibuka,*
*Hewa ukizuilia, kifua kitapasuka.*

"Mjomba, mbona sisi huzuia pumzi kila siku na hatupasuki?" Boga aliuliza.

"Kwa sababu nyinyi hushuka na hewa ya juu, na hurudi nayo ile ile. Hewa ya mtungi unaivuta ukiwa chini, na maji yamekukandamiza. Ukipanda, maji yanakulegezea, na hewa inavimba. Isipopata pa kutokea, itajitafutia. Kila utakapovaa mtungi nitakwambia uusome ubeti huu kwanza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mjomba." Akausoma tena na tena, mpaka Kadzo naye akaushika pale alipokuwa akiokota makome.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, walikwenda kwenye mlango wa mwamba kwa mazoezi ya mwisho. Kesho yake Bwana Miwani angekuja kutazama.

Boga hakuwahi kuuona mwamba kwa utulivu namna ile. Siku zote alikuwa mgeni wa haraka huko chini, anagusa na kukimbia. Sasa alikaa. Aliona matumbawe ya rangi ya ndizi mbivu, na mengine yaliyochanua kama pembe za kulungu. Vitatange, wale samaki wa mistari, walipita wawili wawili kama maharusi. Chewa mnene alitokeza kichwa pangoni, akamtazama kwa dharau, akarudi ndani. Akasikia pia jambo ambalo hakulitarajia: pono, samaki wenye mdomo kama wa kasuku, walikuwa wakitafuna mwamba, na sauti yao ilikuwa kama ya mtu anayevunja sukari guru kwa meno. Hata alipokuwa mtu mzima, kila alipoisikia sauti ya sukari guru mdomoni mwa mtoto, Boga alirudi siku ile.

Walipoibuka mara ya kwanza, mtumbwi wa Ngala na wenzake ulikuwa umekwisha kufika.

"Jamani, njooni mwone!" Ngala alipiga kelele. "Kasa anachemka kama chungu cha maharagwe! Bwa-bwa-bwa-bwa! Mapovu matupu!"

Mtumbwi mzima ukaangua kicheko.

"Waache," mjomba alisema. "Kelele za chura. Twende mara moja zaidi, kisha basi."

Wakazama tena. Walipomaliza, mjomba alimwashiria Boga apande polepole, naye akabaki kidogo kuinasua nanga ya mashua iliyokwama chini ya jiwe. Boga akaanza kupanda. Juu yake aliliona tumbo jeusi la mtumbwi, na pembeni vichwa vimeinama vikimchungulia. Alijua wanachokihesabu. Katika ufuo ule povu lilikuwa aibu tangu babu zao, naye Boga hakuwahi kulitoa hata moja mbele ya Ngala.

Akavuta hewa ya mtungi akajaza kifua, akafunga koo. Mapovu yakakatika.

Akaendelea kupanda hivyo hivyo. Kifua kikaanza kujaa chenyewe, kama andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto. Kitu kikamchoma nyuma ya mfupa wa kidari. Hakufungua. Alipotokeza juu, watoto wote walikuwa wamenyamaza, na Ngala mwenyewe alitikisa kichwa kwa heshima. Boga alitabasamu, lakini tabasamu lile lilimuuma.

Jioni hiyo sauti yake ilibadilika, ikawa ya puani kama ya bata. Bibi Mbodze, mwanamke wa Munje aliyezoea kuvua pweza miambani, alimchungulia usoni.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Nilipiga kelele sana, bibi. Na maji ya chumvi."

Bibi akamchemshia tangawizi. Kadzo ndiye aliyegundua. Alimgusa shingo kwa mzaha, akauondoa mkono upesi.

"Kaka! Shingo yako inalia!"

"Nyamaza!"

"Inalia chini ya ngozi, kama maganda makavu ya vitunguu. Nini hii? Ulizuia?"

Boga akaifunika shingo kwa kiganja.

"Ulizuia pumzi," Kadzo akasema, macho yamemtoka. "Mwambie mjomba."

"Nikimwambia, kesho hakuna. Bwana Miwani atasema si nilisema, na vijana wote watanilaumu. Nikizama kesho mara moja tu, nikatoa mapovu yote wanayoyataka, mambo yatakwisha. Usiseme, Kadzo. Nakuomba."

"Sitasema leo," Kadzo alijibu kwa uchungu. "Lakini wewe si kasa, kaka. Kasa ana akili."

Asubuhi ya Jumamosi ufuo ulijaa. Vijana walivaa mashati yao mazuri kana kwamba ni Idi. Bwana Miwani alikuwa amesimama karibu na mashua, na safari hii wangetoka nje ya mwamba, penye kilindi. Ngala naye alikuwepo, amekuja na kipande cha muwa.

"Nimekuletea huu," alimwambia Boga bila kumtazama. "Jana umenishinda. Ukirudi tutakula."

Mjomba akamvika Boga mtungi mgongoni, akafunga mikanda, akampigapiga bega. Siku ile alikuwa na furaha ya mtu anayeozesha.

"Haya, mpwa wangu. Ubeti."

Boga alianza. Sauti ilitoka mbovu, lakini ilitoka. "Pumua ukizamia, pumua ukiibuka..." Akafika kwenye mstari wa pili, akasimama. Aliwatazama wale vijana, na mashati yao yaliyopigwa pasi kwa makaa, na uso wa mjomba unaongojea. Kidari kilimuuma kila alipovuta pumzi. Kadzo alikuwa amesimama nyuma ya bibi, akifumba macho.

"Hewa ukizuilia," mjomba akamkumbusha kwa upole.

"Nilizuia, mjomba."

"Wasemaje?"

"Jana. Ulipokuwa na nanga. Nilizuia wasiyaone mapovu." Machozi yakaanza kumtoka. "Kifua kinauma. Na shingo inalia. Nimemdanganya bibi."

Abdurahman aliweka vidole vyake shingoni mwa Boga. Ngozi ikalia chini ya vidole. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeshika kaa la moto, na hapo hapo akaanza kufungua mikanda ya mtungi.

Bwana Miwani alikuja mbio. Naye akagusa. Kisha akauliza, "Nani alikuwa chini na yeye?"

"Mimi, bwana," Abdurahman alijibu. "Nilimwacha apande peke yake. Kosa lake nimeshiriki."

"Hakuna maji leo," Bwana Miwani akasema. "Gari! Upesi!"

Gari la hoteli likampeleka Boga hospitalini Msambweni. Daktari alieleza kwamba hewa ilikuwa imetoboa njia kutoka mapafuni ikapanda chini ya ngozi. Ingetoweka yenyewe kwa kupumzika. Lakini kama mtoto huyu angezama leo kwenye kilindi, alisema, sasa hivi mngekuwa mnachimba kaburi.

Boga alilala kitandani ameelekea ukutani. Hakuwaza kifo. Aliwaza yale mashati ya pasi.

Siku ya tatu mjomba alikuja, amevaa kanzu, ana kipande cha muwa mkononi.

"Ngala amesema ungali wako," alisema. "Na Bwana Miwani amekubali."

Boga aligeuka. "Amekubali nini, mjomba?"

"Niwafundishe vijana. Tulibishana mchana kutwa. Nikamwambia, watu wetu si dhaifu wa pumzi, wana nguvu nayo kupita kiasi, na hiyo ndiyo hatari yao. Mgeni huja hajui lolote, unamfundisha kupumua, anapumua. Wetu lazima kwanza wasahaulishwe kuzuia. Hilo sikulijua mimi, wala yeye. Tumelijua kwa sababu ulisema. Ungenyamaza, ningewazika wangapi?" Akashusha sauti. "Lakini wewe hutavaa mtungi tena mpaka uwe mtu mzima, na daktari akubali. Hapo hakuna rufani."

Boga akainamisha kichwa. Bibi Mbodze, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Uliyafunga mambo mawili siku ile. Hewa uliifunga kwa ajili ya sifa, ikakupasua kidogo. Neno la kweli ukalifunga kwa ajili ya hofu, nalo lingekuua kabisa. Cha kutoka, kiache kitoke. Anayekucheka kwa mapovu atachoka kucheka, lakini aliyekufa kwa kuogopa kuchekwa harudi. Ijumaa ulikuwa bingwa wa watoto. Pale ufuoni, mbele ya watu wote, ndipo ulipokuwa mwanamume."

Kaskazi ya mwaka ule, vijana wa kijiji walianza masomo yao mlangoni, Ngala akiwa mdogo wao kuliko wote. Boga alipewa kazi yake ndani ya mashua: kushika kamba ya mzamiaji na kutazama mapovu. Hakuna aliyejua kuyasoma kama yeye.

Siku moja mapovu ya Ngala yalikatika ghafla. Alikuwa akipanda, na mtumbwi wa watoto ulikuwa unapita karibu. Boga aliivuta kamba kwa nguvu mara mbili, ishara ya kumwambia apumue. Hakuna povu. Akaivuta tena. Maji yakatulia kidogo, kisha povu moja likapanda, likafuatwa na jingine, halafu yote kwa pamoja, bwa-bwa-bwa-bwa, yakipasuka kando ya mashua.

"Chemka, ndugu yangu!" Boga alipiga kelele huku akicheka na machozi yakimlenga. "Chemka kama maharagwe!"