Siti ya Kushoto

Landrova ilikuwa imelalia kushoto. Si sana, vidole viwili tu, na mtu mwingine asingeona, lakini Mfaume alikuwa amekula miaka thelathini na sita chini ya magari ya watu na jicho lake halikuwa la kudanganywa. Alipiga jeki, akafungua springi ya kushoto aliyoifunga juzi, mpya, bado inanuka duka, akaiongezea jani moja la chuma na kuirudisha. Akashusha jeki. Gari likakaa sawa kwa muda wa pumzi mbili, kisha taratibu, mchana kweupe, mbele ya macho yake, likainama tena vidole vilevile viwili, kama mtu anayeketi akiwa amechoka. Mfaume aliitukana springi, akamtukana na aliyemuuzia, akaenda kula.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Selemani, aliyelitumia kubebea asali na nta kutoka misitu ya Ugalla hadi Tabora mjini tangu Mfaume akiwa mtoto. Mfaume alipostaafu karakana, alilivuta hadi uani kwake Ng'ambo na kulifanya ndiyo kazi yake ya uzeeni. Aliing'oa injini ya zamani akapachika ya dizeli ya Kijapani, akaliinua juu, akalivika matairi mapana. Kamba za nguo za mkewe, Najiat, zilihamishwa mara tatu kulipisha gari. Mfaume alisema anataka kurudi Ugalla kufuata asali. Ukweli ni kwamba alitaka Ng'ambo nzima ijue kuwa mkono wake haujastaafu.

Jambo moja tu alikuwa amekatazwa. Enzi za uhai wa Mzee Selemani, hakuna aliyewahi kukalia siti ya kushoto ya gari lile. Si mkewe, si bibi harusi, si mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Watu walibanana katikati, gia ikiwapiga magoti, au walipanda nyuma juu ya mapipa ya asali. Kila Alhamisi mzee aliweka juu ya siti ile kikombe cha kahawa chungu na kufukiza ubani. Siku za mwisho alimwita mwanawe akamwambia injini abadili, bodi abadili, lakini siti ya kushoto asiitoe, maana ina mwenyewe. Akamsimulia kisa ambacho ukoo wao ulijivunia: babu yao mmoja alikuwa mnyapara wa msafara wa pembe za ndovu kutoka Ujiji, na mpagazi wake alipoanguka pale Kwihara, jini la njia lilitokea likaubeba mzigo hadi mjini. Ujira wake halikutaka damu wala dhahabu, lilitaka pa kukaa. Likapewa kigoda, baadaye mgongo wa punda, na zama za magari zilipofika, siti.

Mfaume alijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ileile aliyowajibia mabosi zake.

Ndiyo hiyo siti aliyoing'oa wiki ile, ili afunge siti mbili nzuri za gari la Kijapani lililopinduka huko Nzega. Boliti nne zilikuwa zimekula kutu, akazikata kwa tindo. Ya nne ilipokatika, gari likanyanyuka. Upande wa kushoto ulipanda vidole viwili ukawa sawa na wa kulia, na Mfaume akacheka peke yake uani. Alijua fika kwamba siti ya kilo kumi na mbili haiwezi kuzidi nguvu springi ya Landrova. Alijua, akaamua kutojua.

Mafundi wa aina yake hawatupi kitu. Najiat alikuwa na magoti mabovu, na kila akiinuka kwenye kigoda cha jikoni aliguna hadi jirani yao Tekla alimsikia ukutani. Basi Mfaume akaichomelea siti ile miguu minne ya bomba, akayatoa makumbi ya nazi yaliyojazwa ndani akayachoma moto nyuma ya jiko, akatia sponji mpya na kuivisha ngozi nyekundu ya bandia. Akampelekea mkewe.

Najiat aliizunguka siti akiichungulia, akakaa, akajiegemeza. "Miaka thelathini na moja ya ndoa," alisema, "leo ndiyo umenitengenezea kitu kisicho na matairi." Alifurahi kwelikweli, na Mfaume naye akafurahi, na hilo ndilo linalouma kuliko yote, kwamba alifanya kwa mapenzi.

Siku ya pili jikoni kukaanza kunuka nta. Najiat alisugua sufuria zote, harufu isiende, na chini yake kulikuwa na nyingine, ya vumbi na jasho lililokauka juu ya mtu siku nyingi. Siku ya nne, adhuhuri, alisikia njuga zikija kutoka upande wa Kwihara, polepole, hatua kwa hatua, hadi ukutani, zikanyamaza. Akadhani ni ngoma ya watu. Lakini zilirudi kesho yake saa ileile, na keshokutwa, na kila zilipokoma alihisi mapaja yakimlemea, akawa anachelewa kuinuka, kwanza dakika chache, baadaye mpaka ugali unaungua mbele yake naye anautazama tu, na Mfaume alipokuja kugomba aliona miguu ile minne ya bomba aliyoichomelea mwenyewe imetoboa saruji ya sakafu na kuzama, ingawa mwanamke aliyeikalia hakuwa na uzito wa kuutisha hata ubao.

"Mume wangu," Najiat alimwambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza shingo. "Kuna mtu amenikalia."

Walimnyanyua watu wanne, Tekla akiwa mmoja wao, huku wakihema. Hospitalini mzani ulisoma kilo arobaini na nane, daktari akaandika dawa ya magoti. Kitandani alizama mpaka chaga zikavunjika. Mwenyewe akaomba arudishwe kwenye siti yake, maana akilala kile kitu kilimkalia kifuani.

Tekla ndiye aliyekwenda Kwihara kumleta Bi Batuli, mganga aliyejulikana kwa kutopenda maneno mengi. Alifika baada ya alasiri. Alitazama miguu ya siti sakafuni, akawasha chetezo, akauliza taratibu ni nani aliyepanda.

Najiat alifumbua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, kavu, ya mtu aliyekosa maji.

"Mpagazi."

Lile jini likasema lisiitwe msaidizi wa mtu. Hakuna jini lililombebea mnyapara pembe kwa hisani. Kulikuwa na mpagazi aliyekuwa na homa, aliyeomba akae kidogo tu pale Kwihara, mjini pakiwa karibu kufikika. Aliomba mara tatu. Mnyapara alitazama pembe, akanyamaza. Mpagazi akafa wima chini ya mzigo, na jini la njia likamwingia kabla hajaanguka, na tangu siku hiyo jini na maiti wamekuwa kitu kimoja na uchovu wao ni mmoja. Ukoo ulikitengea kiti kwa woga, kisha ukautungia woga huo kisa kizuri.

"Kiti changu kimechomwa nyuma ya jiko," sauti ilisema. "Huu ni mfupa wake tu. Nikae wapi?"

Bi Batuli alimgeukia Mfaume, akamnong'oneza kwamba mlango uko mmoja. Deni ni la damu yake, si la mkewe. Litauliza mara tatu. Aseme, nikalie mimi, litahama.

"Nikae wapi?"

Mfaume aligeuza macho uani. Asubuhi ile injini iliwaka kwa mara ya kwanza, ufunguo mmoja tu, ikaunguruma vizuri. Aliwazia mgongo wake, aliwazia Ugalla.

"Nikae wapi?"

Katika uso ule macho yalikuwa bado ya Najiat, na yalikuwa yanamtazama yeye. Mfaume alitaka kusema. Aliapa baadaye kwamba alitaka, kwamba neno lilikuwa mdomoni.

"Nikae wapi?"

Mkaa ukaalika jikoni.

"Na yule alinyamaza hivihivi," sauti ilisema. Kisha ikaja sauti ya Najiat mwenyewe, ndogo, iliyochoka. "Mwache, Bi Batuli. Sasa najua nimeolewa na nani."

Mfaume alipiga magoti akasema nikalie mimi, nikalie mimi, akasema mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemuuliza tena.

Nafuu aliyoacha Bi Batuli ilikuwa moja: kitu kile kilipobebwa mwendoni kilikuwa chepesi. Basi Najiat akapakiwa garini, kwenye siti mpya ya kushoto, springi zikainama vidole viwili, na Mfaume akawa anamwendesha kutwa kucha, Tabora hadi Kwihara, Kwihara hadi Tabora. Gari likienda, Najiat alipumua. Likisimama, alianza kuzama. Watu wa Ng'ambo walimsifu Mfaume kwa kumtembeza mkewe, wanawake wakawasimanga waume zao kwa mfano wake. Najiat alitazama dirishani. Miezi miwili hakumsemesha ila neno moja, gari lilipokawia popote.

"Twende."

Ijumaa moja, nje kidogo ya Kwihara, dizeli chafu iliziba chujio na ile injini nzuri ikazima. Kazi ya robo saa, na Mfaume alikuwa ameifanya mara elfu. Spana ilimdondoka mchangani, akaitafuta, akaipata, ikadondoka tena. Alipolifunga boneti Najiat alikuwa ameshakufa, kakaa wima.

Siku ya mazishi wabebaji walipokezana jeneza kila hatua tatu, majasho yanawatoka. Kwenye lango la ua ilibidi walipitishe ubavuni mwa Landrova. Walipoipita tu, jeneza likawa jepesi, wakalibeba mbiombio hadi makaburini. Mfaume aliuhisi wepesi ule begani mwake, akalia kwa kushukuru. Alijiambia kwamba mkewe, angalau, amepumzishwa.

Alirudi peke yake alasiri. Landrova ilikuwa imelalia kushoto. Hilo alilitegemea, na alikuwa ameshaamua kwamba kesho ataipeleka porini Ugalla aiache huko. Kwa mazoea tu alichuchumaa, akapima kwa mkono.

Vidole vinne.

Alipima tena. Harufu ya nta ilishuka kutoka dirishani, na pamoja nayo ile ya mafuta ya nazi ambayo Najiat alipaka nywele kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Sauti iliyotoka dirishani haikuwa ya kukaripia.

"Twende," mkewe alimwambia.

Mfaume alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva.