Pleti ya Kushoto

Gari lilianza kuteleza pale barabara ya Mtae inapokunja kuingia msituni, na Abubakari hakukanyaga breki. Kwenye tope lile, ukikanyaga breki umekwisha. Aliachia mafuta, akaurudisha usukani taratibu kuelekea mlimani. Gari halikumsikia. Upande wa kulia, upande wa bonde, ulizidi kuinama, mpaka Latifa aliyekaa katikati akajikuta amemlalia kaka yake begani.

Alikuwa ameshasema. Tangu wanatoka Lushoto asubuhi alikuwa amesema.

"Kaka, tumelala upande."

"Hatujalala. Wewe ndiye umekaa vibaya."

Mama Evelina, jirani yao waliyempa lifti, alikuwa ameujaza mlango wa kushoto kwa mwili wake mpana. "Msigombane, wanangu," alisema. "Mimi niko huku kushoto. Gari linaloweza kuninyanyua mimi, hilo lina nguvu, lisifiwe." Wakacheka wote watatu, wakawa wamelimaliza.

Sasa hakuna aliyecheka. Gurudumu la mbele likakata ukingo wa barabara, udongo ukameguka, na pikapu nzima ikashuka kiubavu ikivunja vichaka. Ikagonga kitu tumboni na kusimama. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu mtupu, na mahali fulani chini yao mawe yalikuwa bado yanaporomoka. Yaliporomoka kwa muda mrefu sana.

"Tokeni upande wa mama," Abubakari alisema. "Mmoja mmoja. Msirukeruke."

Walitoka. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika juu ya mikaratusi. Pikapu ilikuwa imekalia kisiki, chesisi juu ya mti, pua ikichungulia bondeni. Gurudumu la nyuma la kushoto lilining'inia hewani, na juu yake Latifa aliziona zile springi.

Alikuwepo zilipofungwa. Ilikuwa Mombo mwezi uliopita, yeye amekaa juu ya tairi kuukuu akitazama. Kaka yake alikuwa amechoka kushusha kabichi kutoka Mtae roho ikiwa mkononi, maana ukishuka bonde liko kushoto, na gari likishiba mzigo lilikuwa linalichungulia bonde hilo kila kona. Fundi akamwekea chini springi za aina mbili, laini na ngumu. Abubakari akachukua ngumu, zile zilizopinda kama upinde, zilizoliinua gari kiganja kizima. Kisha akataka kushoto peke yake aongezewe pleti moja zaidi, bamba moja la chuma juu ya mengine, gari likishiba likae sawa.

"Na ukirudi mtupu?" fundi aliuliza. "Wakati huo bonde liko kulia kwako."

"Nikirudi mtupu sina cha kupoteza."

Fundi akainua mabega, akakaza bolti.

Abubakari sasa alifunga kamba ya turubai kwenye chesisi, akaizungusha kwenye shina la mkaratusi. Kisha akachukua jiwe, akajilaza kifudifudi, akaanza kuingia chini ya gurudumu lililoning'inia.

"Usiingie humo," Latifa alisema.

"Nikilijazia mawe hapa litatulia. Shika kamba."

Kamba ilikuwa imelowa. Ilikaza, ikanyooka, na kisiki kikazama kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Sehemu ya nyuma ya gari ikashuka. Abubakari hakupiga kelele. Alitoa pumzi kwa kishindo, basi, kisha kukawa na mvua.

Ekseli ilikuwa imemkalia muundi wa mguu wa kushoto, na chini ya mguu kulikuwa na mwamba. Latifa aliingiza mkono, akapapasa. Mfupa ulikuwa umetokeza. Damu ilikuja ya moto juu ya vidole vyake vilivyoganda kwa baridi. Alivua kanga ya kichwani, akaifunga chini ya goti, akaipenyezea kijiti na kuizungusha mpaka kaka yake akauma tope.

"Jeki," Mama Evelina alisema.

Walijaribu jeki. Ilizama kwenye udongo kama kijiko kwenye uji. Wakaiweka juu ya jiwe, ikakamata, lakini ilipoinua, gari lilisogea kuelekea bondeni na kamba ikatoa mlio. Latifa akaiteremsha haraka.

"Hapo Sunga kuna watu," Abubakari alisema, uso umekuwa wa majivu. "Fuata barabara, mlima uwe kushoto kwako. Nenda."

"Kisiki hakitanisubiri nifike Sunga."

"Basi nenda usikione."

Hakwenda. Alichuchumaa kwenye tope akatazama, kama alivyozoea kutazama kila kitu kabla ya kukigusa. Uzito wa gari ulikuwa juu ya kisiki. Ekseli haikubanwa na gari, ilibanwa na springi. Ile springi ngumu yenye pleti ya ziada ilikuwa imekunjwa na sasa ilitaka kunyooka. Chini ilikuwa inamkandamiza Abubakari. Juu ilikuwa inaliinua gari upande huu na kulisukumia bondeni. Pleti moja, kazi mbili.

"Nang'oa bolti ya nyuma ya springi," alisema.

"Usiguse springi. Ikifyatuka itakukata kichwa."

"Nitakaa pembeni."

"Latifa, mimi ni mkubwa wako. Nakwambia acha."

"Nimekusikia, kaka."

Akamkabidhi Mama Evelina mti mrefu walioukuta umeanguka, wakaupenyeza chini ya ekseli, jiwe likiwa mhimili. "Mama, nikisema, kandamiza huku mwisho kwa uzito wako wote."

"Huo ninao," Mama Evelina alisema. Alikuwa ameanza kusali Kishambaa, kwa sauti ya chini, bila kukata.

Nati ilikuwa imekazwa na fundi mwenye mikono ya kweli. Latifa alivisha bomba la jeki kwenye spana, akaning'inia. Ikagoma. Akaning'inia tena, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Ilipokubali, ilitoa sauti ya mlango mzee. Bolti yenyewe ikabaki imebanwa. Akaichukua nyundo.

Kila pigo lilitikisa gari. Kila pigo, Abubakari aliguna na kisiki kikalia. Latifa alipiga, akasimama, akasikiliza mizizi, akapiga tena. Bolti ilisogea kama kucha inavyoota. Mvua ilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujipangusa.

Pigo la mwisho hakulisikia. Springi ilipita mbele ya uso wake kwa upepo mkali na kukata gome la mkaratusi. Gari likalalia mlimani kwa kishindo.

"Mama."

Mama Evelina akajitupa juu ya mti. Ekseli ikanyanyuka. Latifa akamshika kaka yake kwapani na kumvuta, na safari hii Abubakari alipiga kelele, kelele ndefu ambayo ukungu uliimeza yote. Walikuwa hawajafika barabarani kisiki kilipong'oka. Kamba ikakatika. Pikapu ikaondoka polepole, pua mbele, halafu haikuwa polepole tena. Walisikia inagonga, inanyamaza, inagonga.

Ni kishindo hicho kilichowaleta watu. Wapasua mbao waliokuwa wanajikinga mvua ng'ambo ya korongo walipanda mbio wakidhani watakuta maiti. Walikuta mwanamke mmoja amempakata mwanamume, mwingine amemtanulia gauni lake la juu kama paa. Wakakata miti miwili, wakafunga makoti, wakambeba.

Kwenye zahanati, tabibu alivibonyeza vidole vya mguu ule, kimoja kimoja. Vilikuwa vyeusi. Alimtazama Latifa, akatikisa kichwa, akaenda kuita gari la kuwateremsha Lushoto.

Lilikuwa gari refu, gumu, sakafu tupu na godoro jembamba. Kila shimo lilimrusha Abubakari na kumtua. Mama Evelina alikuwa amembana mabega.

"Tabibu kasema nini?" Abubakari aliuliza.

Latifa alifikiri kumdanganya. "Mguu hautabaki."

"Kuanzia wapi?"

"Chini ya goti. Huenda na goti."

Alikaza macho kwenye bati la juu kona mbili nzima. Gari likaingia shimo jingine, na jasho likamtoka upya. Kisha akasema, meno yameumana, "Tairi za nyuma. Wamejaza upepo kama wanabeba saruji. Mwambie apunguze."

Latifa akagonga kioo. Dereva akasimama, akamsikiliza, akashuka kwenye tope na kuchuchumaa kando ya gurudumu. Upepo ukaanza kutoka kwa mluzi mrefu. Abubakari alifumba macho akisikiliza, tairi la kwanza, kisha la pili.

"Bado," alisema. "Bado. Bado kidogo. Basi."