Nyuso za Kijani

Maduhu aliishi peke yake Masumbwe, katika nyumba ya vyumba viwili. Mke wake alifariki mwaka jana, mpunga ukiwa bado shambani. Binti yao, Loveness, ameolewa Kahama. Kila jioni Maduhu alirudi kutoka shambani, akapika, akala kimya, akalala.

Ukimya ulimchosha. Akanunua runinga bapa iliyotumika, kutoka kwa mchimbaji wa dhahabu aliyekuwa akihama. "Angalau nyumbani kutakuwa na sauti za watu," aliwaza.

Sauti zilikuja vizuri. Watu ndio waliokuja vibaya. Msoma habari alikuwa na uso wa kijani kama jani la mgomba. Ng'ombe walikuwa na rangi ya zambarau. Fundi mmoja sokoni, bila hata kuiona, alimwambia, "Hicho kioo kimekufa, mzee. Tupa."

Maduhu hakuitupa. Aliigeuzia ukutani, akawa anaisikiliza kama redio.

Jumapili moja mchana aliamua kuifungua mwenyewe. Alikuwa ameilaza barazani, bisibisi mkononi, alipopita jirani yake Swaumu. Swaumu ana kibanda cha kutengeneza simu na runinga karibu na stendi.

"Shikamoo, Baba Loveness."

"Marahaba, mayu. Karibu," Maduhu alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Swaumu akaona bisibisi. "Baba, usifungue!"

"Umeme nimechomoa."

"Hata kama. Ndani kuna vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Vitakupiga shoti. Kwanza tujue ugonjwa uko wapi."

Wakaiingiza ndani, wakaiwasha. Nyuso zilikuwa za kijani vilevile. Swaumu akachukua rimoti, akafungua menyu.

"Achana na picha ya nyuma. Tazama haya maandishi na alama za menyu. Yana rangi gani?"

Maduhu akasogea. "Cheupe ni cheupe. Chekundu ni chekundu."

"Menyu hii inatoka kwenye TV yenyewe. Kioo kingekuwa kimekufa, hata menyu ingekuwa ya kijani. Labda mwenyewe wa kwanza alichezea rangi. Ngoja niirudishe ilivyotoka kiwandani."

Akabonyeza, wakasubiri. Msoma habari bado alikuwa wa kijani.

"Basi si hapo," Swaumu alisema. "Sasa tujaribu picha isiyopita kwenye king'amuzi. Una flashi yenye video?"

Maduhu aliiweka bisibisi mezani. "Ninayo," alisema. "Ya harusi ya Loveness. Mama yake yumo."

"Hujawahi kuitazama?"

"Kwa TV hii? Nimwone mke wangu akiwa wa kijani?"

Swaumu hakucheka. "Nikalete ya kwangu, baba."

Lakini Maduhu alikuwa ameshaingia chumbani. Alirudi na flashi iliyofungwa kwenye leso. "Chomeka hii," alisema, akaangalia pembeni.

Muziki ukaanza. Akageuka.

Mama Loveness alikuwa katikati ya uwanja. Kitenge chake kilikuwa chekundu. Uso wake ulikuwa wa maji ya kunde, uleule. Alikuwa akicheza huku anacheka, haendi na mdundo kabisa. Maduhu akakaa mkekani polepole.

Swaumu alingoja mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "TV yako ni nzima, baba. Flashi inaonyesha vizuri. Ugonjwa uko kwenye king'amuzi au waya wake."

Alichomoa waya unaotoka kwenye king'amuzi, akauhamishia tundu la pili la runinga. Picha haikubadilika. Akaupapasa waya wote. Mahali pamoja ulikuwa umekunjika, umebanwa na mguu wa meza. Alikwenda kwake, akaleta mwingine, akauchomeka. Msoma habari akapata uso wa mtu.

"Ni waya tu," Swaumu alisema. "Usiukunje, usiubane. Na siku nyingine ukinunua iliyotumika, iwashwe kwanza mbele yako. Fungua menyu, jaribu na flashi, ndipo uibebe."

"Asante sana, mayu."

Swaumu alipoondoka, Maduhu hakurudi kwenye habari. Aliirudia harusi. Kisha akapiga simu Kahama.

"Baba, kuna nini?" Loveness alishtuka, maana baba yake hapigi simu ovyo.

"Hakuna kibaya. Nimemwona mama yako."

Loveness akasikia muziki wa harusi yake nyuma ya sauti ya baba. "Anaonekanaje?"

"Yuko vilevile. Anacheza vibaya."

Loveness alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Jumamosi nakuja, baba."

Alikuja kweli, na basi la asubuhi. Walitazama harusi yote, hata hotuba ndefu za wajomba. Jumapili Loveness aliondoka, na nyumba ikarudi katika ukimya wake. Jioni Maduhu alikaa mkekani, akawasha runinga. Watu walikuja mmoja mmoja, kila mtu na rangi yake, naye akawatazama mpaka mwisho wa habari.