Maiti Aliyepitwa Skarvnes

Boti ilianza kunuka mwani uliooza. Ragnfrid aliisugua kwa sabuni mpaka vidole vikafa ganzi, harufu ikabaki palepale kwenye kiti cha nyuma. Mumewe, Jostein, akiwa na kofia nyekundu aliyofumiwa na mkewe, alimtania kuwa huenda ni mimba. Ragnfrid hakucheka.

Kazi yao ilikuwa kuwapeleka wageni kuangalia nyangumi hapo Skarvnes, ambapo bahari imejipenyeza katikati ya milima. Adhuhuri hiyo walitoka wawili tu, kuwatafuta nyangumi kabla wageni hawajapanda. Ulikuwa msimu wa giza, majira ya baridi ya huku kaskazini ya mbali ambapo jua halichomozi hata mchana. Nyangumi walikuwepo, wakipumua kwa kishindo ubavuni mwa boti. Ghafla wakazama wote, bahari ikanyamaza.

Ndipo yakasikika makasia. Kutoka upande wa mwamba ikaja nusu ya mashua, imekatika katikati lakini inaelea, na ndani yake ameketi mtu mwenye koti la mvua la mvuvi ambaye juu ya mabega hakuwa na kichwa bali bonge la mwani, anapiga kasia bila haraka, na kila pigo linaleta ile harufu, na injini ya Jostein ikakohoa na kuzimika.

Ragnfrid alimjua. Ni draugi, mzuka wa mtu aliyekufa maji akakosa kaburi.

"Jostein," alinong'ona, "umempita nani?"

Jostein alikiri. Wiki iliyopita alimwona maiti akielea. Skarvnes maiti hapitwi. Hata wavu uwe umejaa samaki, unaukata, unambeba mwenzako mpaka kanisani. Lakini boti ilikuwa na wageni, na nyangumi walikuwa wanaondoka.

"Niliporudi kumchukua, hayupo."

"Na mimi ukanificha."

"Ningekwambiaje, Ragna? Ungenitazama vipi?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ragnfrid alipandwa na hasira, lakini alimpenda mwanamume yule, na draugi humfuata yule yule aliyempita. Akasimama, akasema kwa heshima, "Bwana, ingia. Tunakupeleka ukazikwe."

Boti ikalala nyuma kwa uzito. Injini ikawaka yenyewe. Ragnfrid akashika usukani asigeuke, maana abebaye maiti wa baharini hatazami nyuma kabla hajakanyaga nchi kavu, akasikia maji yakichuruzika, akasikia pumzi nzito, akamsikia Jostein akilia, kisha Jostein akanyamaza, naye akamwomba Mungu iwe amenyamaza kwa kuchoka tu.

Walipofika gati la kanisa akaruka, akakanyaga theluji, akageuka. Jostein alikuwa peke yake botini, kichwa wazi bila kofia, anafunga kamba. Ragnfrid alishukuru mpaka machozi yakamtoka.

Kisha, juu ya bega la mumewe, akaiona ile nusu ya mashua ikirudi kilindini. Mpiga makasia sasa alikuwa na kichwa cha mtu, amevaa kofia nyekundu ya Jostein, ile aliyomfumia mwenyewe, na alikuwa anampungia mkono, mdomo wazi, bila sauti.

"Twende nyumbani, mke wangu," akasema yule aliyekuwa akifunga kamba. "Nina baridi."