Yunia na Nyumba Tupu ya Blasio

Ijumaa ile soko la Bwera lilikuwa limefurika watu. Blasio, fundi viatu wa Kasese, akamgonga mwanamke mmoja penye madumu ya mawese, na kitenge kipya cha manjano kikaingia mafuta. Hakuomba radhi. Akawalaumu wakubwa wa soko kwa kubana njia.

"Muzee, nani amenigonga, wewe ama mwenyekiti?" mwanamke akauliza, huku akicheka.

Ndiye Yunia, muuza vitenge. Wakapeana namba, wakawa wanapigiana simu kila jioni. Blasio akamsimulia jinsi mto ulivyofurika ukambeba mkewe Mbambu, na jinsi wakubwa wa serikali walivyoahidi ukuta wa kuzuia maji wakaleta hotuba. Yunia naye alikuwa amekaa miaka miwili kwa masista, kisha akafanya kazi za ndani Thailand kwa bibi mmoja Mbudha. Sista alimfundisha kunyamaza na kujikana nafsi, Mungu apate nafasi. Bibi alimwambia hakuna kinachosimama peke yake, ndani yake vyote ni utupu, basi asivishike sana. Wote wawili walimkalisha kimya vilevile, ila bibi hakusema nani anaingia kwenye utupu huo.

"Utupu naujua, mpenzi," Blasio akasema. "Nyumba yangu iko tupu."

"Hapana. Imejaa Mbambu na wakubwa wako. Mimi nitakaa wapi?"

Blasio akakata simu. Mwanamke gani huyu, anataka marehemu atupwe? Wiki tatu hakupokea simu zake.

Alasiri moja mvua ilimfungia ndani. Akawatukana wakubwa mpaka matusi yakamwishia, akabaki ameketi tu. Akamhisi Mbambu yupo, mtulivu, hamdai kitu. Blasio akalia. Kesho yake akapanda gari la Bwera.

"Nilikaa kimya," akamwambia Yunia. "Mbambu hakuondoka."

"Nani alisema ataondoka? Nilitaka tu usimshikilie."

"Basi njoo Kasese, nikuoe."

Yunia akaendelea kukunja kitenge. "Blasio, unanitaka mimi, ama unaogopa kurudi peke yako?"

Blasio akatafuta wa kumlaumu, akakosa. "Sijui."

"Asante kwa kusema ukweli. Rudi peke yako. Ukifika, ukae kwanza. Kisha unipigie."

Saa kumi akafungua mlango wa nyumba yake. Hakuwasha redio. Akakaa mpaka ukimya ukaacha kumtisha, ndipo akapiga.

"Nimefika. Nimekaa."

"Na sasa?"

"Siogopi. Na bado nakutaka."

"Basi Jumapili nakuja."