Shallon Alipoita "Sabini"

Kila Jumatano na Ijumaa, masomo yakiisha, Shallon Mugeni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita nyuma ya soko la Busia mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, akavua viatu vya shule, akavaa raba, kisha akawasaidia wenzake kusogeza mabenchi ukutani. Hapo Mwalimu Emuron aliwafundisha watoto wanane kucheza salsa, ngoma ya jozi iliyotoka Kuba.

Walicheza kwa duara, jozi nne, kama gurudumu. Mtu mmoja alipaza sauti juu ya muziki akataja mtindo, na wote wakaufuata papo hapo. Akiita "Nipe!" kila mmoja hubadilisha mwenzake. Akiita "Geuka!" wasichana huzunguka. Majina hayo Mwalimu aliyageuza mwenyewe kuwa Kiswahili, maana watoto wake walikuwa Wasamia, Wateso, Wajopadhola na Waluo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wote.

Mwitaji alikuwa Shallon. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, lakini sauti yake ilipenya muziki kama filimbi ya refa.

Mwisho wa mwezi huo kulikuwa na kongamano la salsa mjini Tororo, Jumamosi na Jumapili. Wachezaji wangetoka Kampala, Jinja, Kisumu na Eldoret. Watoto wa Busia walialikwa kucheza Jumamosi alasiri, na tena Jumapili asubuhi. Kila mmoja alipewa karatasi ya ruhusa ili mzazi atie sahihi. Saba walizirudisha kesho yake. Karatasi ya Shallon ilikaa ndani ya kitabu cha hesabu wiki nzima, haina sahihi.

Sababu ilikuwa Edah.

Edah alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Siku moja, akiwa na simu ya dada yake, alimwona Shallon na mama yake wakivuka mpaka wa Kenya na Uganda. Mama yake Shallon, aliyeitwa Mama Dorcas, alikuwa mchuuzi wa vitunguu. Alikuwa na gunia kichwani, shingo imezama mabegani, jasho linamtiririka. Shallon alimfuata na mzigo wake, akiyumba huku na huku. Edah aliwapiga video. Alipofika nyumbani akaiwekea muziki, ikaonekana kana kwamba mama na binti wanacheza chini ya mizigo. Akaandika: "Salsa ya magunia." Aliituma kwa marafiki watatu tu. Kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa imeiona.

"Magunia!" wavulana waliita dirishani. Hata watoto wa darasa la pili walitikisa viuno Shallon alipopita.

Kama wangemcheka yeye peke yake, angevumilia. Lakini walimcheka mama yake, aliyeamka alfajiri kila siku ili yeye avae sare safi! Shallon alimfuata Edah msalani.

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Aa, Shallon, ilikuwa utani tu," Edah alijibu akinawa mikono. "Mbona unanuna hivyo?"

Neno hilo, "utani tu," ndilo lililomkaa Shallon kooni kama mwiba wa samaki. Hakulia. Alijisemea kimya, "Utalipa. Hujui lini, wala hujui vipi, lakini utalipa."

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Taaka, msichana mrefu kuliko wote, ambaye alicheza nafasi ya kiume kwa kuwa wavulana walikuwa wachache. Siku zile alikuwa jozi ya Edah. Mvulana mmoja alipomwonyesha video hiyo, Taaka alimrudishia simu na kusema, "Mama yangu pia hubeba mizigo. Nicheke nini?"

Mpango wa kwanza wa Shallon ulikuwa rahisi: asiende Tororo. Angenyamaza mpaka Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa, ndipo apeleke habari kwamba haji. Gurudumu lisilo na mwitaji lingezunguka vipi? Edah, aliyekwisha kujigamba kwa binamu zake wote kuhusu kongamano, angebaki Busia amevaa sketi yake nyekundu kama bibi arusi aliyeachwa. Wazo hilo lilimpa Shallon usingizi mtamu siku tatu.

"Hiyo karatasi ya Mwalimu vipi?" mama yake alimuuliza jioni moja, akichambua mchicha. "Nimesikia wengine wamesharudisha."

"Sijui kama nitakwenda, Mama."

"Hujui? Wewe uliyekuwa ukicheza mpaka na ufagio?"

Shallon aliinama, akajifanya anatafuta kalamu. Hakuwa amemwambia mama yake lolote kuhusu video.

Ijumaa ile, Taaka alimshika mkono nje ya ukumbi. "Tafadhali njoo. Bibi yangu atatoka Mwello kuja kuniona. Hajawahi kuniona nikicheza. Amewaambia majirani wote."

Shallon aliuchomoa mkono wake, akaingia ndani. Lakini siku hiyohiyo, mazoezini, Mwalimu Emuron alisema jambo lililoufanya moyo wake uruke.

"Tutaondoa mtindo wa Sabini," Mwalimu alisema. "Edah alikuwa kwa shangazi yake kule Buhehe wiki tuliyojifunza, na muda hautoshi. Shallon, usiite Sabini. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

Sabini ulikuwa mtindo mgumu kuliko yote. Msichana hupinda mkono nyuma ya mgongo, huzunguka mara mbili bila kuachia, kisha hufunguliwa. Asiyeujua hujifunga mwenyewe kama mbuzi aliyejizungushia kamba kwenye kigingi.

Njiani kurudi nyumbani Shallon alitembea polepole, akitabasamu. Kutokwenda? Huo ulikuwa utoto! Kutokwenda kungemnyima Edah sifa. Kwenda kungemvua nguo mbele ya watu. Angemngojea afike katikati ya jukwaa, chini ya taa, kisha aite neno moja tu. Edah alitaka watu wacheke? Basi wangecheka.

"Mama," alisema alipoingia, "tia sahihi. Nakwenda."

Jumamosi ukumbi wa Tororo ulifurika. Wageni walivaa viatu vinavyong'aa, muziki ulitetemesha madirisha, na watu walicheza hata kwenye ngazi. Katika safu ya tatu aliketi bibi mmoja aliyevaa gomesi, gauni refu la kijani lenye mkanda mpana, ameukumbatia mkoba wake kifuani. Taaka alimwonyesha kwa kidole. "Yule pale! Amefika tangu saa tatu."

Shallon aliitikia kwa kichwa tu. Macho yake yalikuwa kwa Edah, aliyekuwa akijitazama kwenye kioo cha dirisha.

Walipanda jukwaani. Muziki ukaanza. "Nipe!" Shallon aliita, na gurudumu likazunguka. "Geuka!" Sketi zikafunuka kama miavuli. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wakicheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza, na Edah alikuwa akitabasamu kwa meno yote. Tabasamu lile lilimchoma Shallon kuliko tusi. Akavuta pumzi.

"Sabini!"

Jozi tatu zilijipinda sawasawa. Edah alisimama, akageuka kushoto, akababaika, akageuka kulia. Taaka alijaribu kumwongoza, lakini mikono yao ilikuwa imekwisha kufungana. Edah aliuvuta wake kwa nguvu ili ajinasue, na kiwiko chake kikampata Taaka mdomoni. Taaka akaanguka chali. Jozi iliyokuwa nyuma ikajikwaa juu yake. Gurudumu lote likasambaratika.

Vicheko vikalipuka ukumbini. Simu ziliinuliwa juu kila upande. Edah alijifunika uso, akakimbia kutoka jukwaani.

Shallon alisimama akiungojea utamu. Ulikuja, ndiyo, lakini haukudumu hata muda wa kumeza mate. Aliona damu kwenye kidevu cha Taaka. Akamwona bibi wa Mwello amesimama safu ya tatu, mkono kinywani, mkoba umemwanguka.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu Emuron aliwakusanya. "Imekuwaje?"

"Nilisikia Sabini," Edah alisema akilia kwa kwikwi. "Wallahi, Mwalimu, nilisikia!"

"Shallon, uliita nini?"

Hapo Shallon angeweza kusema kweli. Badala yake ulimi wake ulitangulia. "Niliita 'Nipe,' Mwalimu."

Wenzake walitazamana. Wao walijua walichosikia, lakini Mwalimu alikuwa pembeni akishughulikia muziki, hakuona ila anguko. Hakuna aliyethubutu kumbishia mwitaji. Mwalimu alihema. "Edah, umechanganyikiwa kwa woga. Kesho utapumzika. Nitatafuta mwingine wa kucheza na Taaka, kama Taaka ataweza."

Kisasi kilikuwa kimetimia, tena na ziada. Edah alikaa pembeni, na binti mmoja mgeni alikuwa tayari akimwonyesha mwenzake video ya anguko lao, wote wawili wakicheka. Shallon alivijua vicheko vile. Alikuwa amevisikia dirishani mwa darasa lake wiki tatu mfululizo.

Jioni, kabla ya chakula, alimkuta Taaka ameketi na bibi yake kwenye ua wa nyumba ya wageni walikofikia. Mdomo wa Taaka ulikuwa umevimba kama andazi. Alizungumza kwa shida.

"Niliteleza, Bibi. Ni kosa langu."

"Pole, mjukuu wangu," bibi alisema. "Nitalala kwa dada yangu, nikuone kesho. Hata ukisimama tu, nitakuona."

Bibi alipoondoka, Taaka aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shallon, mimi niliumia mdomo. Masikio yangu hayakuumia."

Shallon aliketi kando yake. "Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani utasema mwenyewe."

"Sikutaka uumie wewe, Taaka. Nilimtaka yeye!"

"Najua. Lakini aliyeanguka ni nani?"

Usiku huo Shallon alirudisha sahani yake ikiwa imejaa. Jumapili, kabla ya chai, aliwafuata wenzake ukumbini walikokuwa wakinyoosha viungo, akasimama mbele yao wote. Sauti ile iliyopenya muziki sasa ilitoka nyembamba kama uzi.

"Niliita Sabini. Nilijua Edah haujui. Nilikuja Tororo kwa ajili hiyo tu. Halafu nikasema uongo. Taaka, nisamehe. Mwalimu, nisamehe. Na wewe, Edah."

Mwalimu Emuron alimsogelea. "Kwa nini ulitaka kumwaibisha mwenzako?"

Shallon alifungua kinywa, lakini Edah alimtangulia. "Kwa sababu nilimpiga video yeye na mama yake wakibeba vitunguu, nikaisambaza ichekwe." Alifuta pua kwa mkono. "Nilimwonea wivu. Mimi pia nilitaka kuwa mwitaji. Jana waliponicheka ndipo nilipojua nilichomfanyia."

Mwalimu hakupiga kelele. Alitoa hukumu yake taratibu: Shallon hataita siku hiyo, ataita Mwalimu mwenyewe. Kwa saa mbili zilizobaki, Shallon atamfundisha Edah Sabini, na asipoujua, kikundi hakitapanda jukwaani. Na wakifika Busia, wote wawili watakwenda kwa Mama Dorcas kusema kila kitu kwa midomo yao.

Saa mbili zile zilikuwa ndefu. Mwanzoni walishikana mikono kama watu walioshika kaa la moto. "Usivute," Shallon alisema. "Ukivuta unajifunga. Legeza." Walikosea mara kumi, mara kumi na tano. Mara ya ishirini mikono ilifunguka yenyewe, na Edah akacheka kwa mshangao. Shallon alijikuta anacheka pia, ingawa hakuwa amepanga.

Walicheza. Hawakuwa bora kuliko wote, na Taaka alicheza amefumba mdomo. Lakini Mwalimu alipoita Sabini, jozi zote nne zilijipinda na kufunguka pamoja, na bibi wa Mwello alipiga kigelegele kilichowafanya watu wa Kisumu wageuke.

Jioni hiyo walimkuta Mama Dorcas jikoni. Edah alisema ya kwake, Shallon akasema ya kwake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Hiyo video niliiona," alisema. "Mwanamke mmoja sokoni alinionyesha. Iliniuma, Edah, sitakuficha. Kubeba mzigo si aibu. Aibu ni kumcheka anayeubeba. Hiyo utaifuta, na kesho utawaambia wenzako ulikosea."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, Shallon, ulikosewa. Ungekuja kwangu, au kwa Mwalimu, ungepata haki yako bila kumtoa mtu damu. Lakini ulitaka kisasi. Kisasi, mwanangu, ni kama jiwe linalotupwa gizani. Unajua unayetaka kumpiga, hujui litakayempata. Halafu ukaongeza uongo, mwenzako akabebeshwa kosa lako. Umefanya vyema kusema kweli. Ungesema mapema zaidi, ingekuwa vyema zaidi."

Shallon alilia, na safari hii hakujizuia.

Mama alimwacha alie. Kisha akafunua sufuria, akajaza uji wa mtama kwenye chupa ya chai na kuifunga vizuri. "Taaka hawezi kutafuna mihogo na mdomo ule. Mpelekeeni, kungali na mwanga. Mkifika, msiondoke kabla hajamaliza."

Walitoka pamoja, mmoja amebeba chupa, mwingine kikombe.