Gudulia Lisiloshiba

Gudulia lilianza kutoka jasho la mafuta.

"Profesa, leo umekula kachumbari juu ya meza ya kazi?" Thrasos, fundi wa kuunga vigae vya vyungu vya kale, aliuliza huku akinusa vidole. "Mimi nikila biskuti tu humu unanifukuza kama mbuzi."

Profesa Evanthia hakucheka. Gudulia lile jembamba, jeupe, lenye picha ya mwanamke ameketi kaburini, walilifukua wenyewe katika makaburi ya kale ya Eretria wakaliunga kigae kwa kigae. Lilikuwa kavu tangu kabla ya Kristo. Sasa shingo yake imelowa mafuta mabichi ya zeituni, na harufu ile aliijua: ya kinu cha Argyris, mumewe, aliyefariki majira ya baridi wakati yeye yuko Berlin akiwahutubia maprofesa wenzake. Makofi hayajaisha, simu ikalia.

Evanthia angeweza kutazama unene wa mdomo wa chombo akakutajia karakana iliyokifinyanga zama hizo. Mumewe alipoanza kukonda, hakuona.

Mchana, mji ulipofunga madirisha ukalala, na Thrasos amekwenda kwake kukoroma, Evanthia akasikia mtu akimeza. Gudu. Gudu.

"Vanthi," sauti ikanong'ona kutoka ndani ya gudulia. "Nina kiu."

Hakuna aliyemwita Vanthi ila Argyris.

Akaleta kutoka nyumbani debe la mwisho la mafuta aliyokamua Argyris, akamimina. Matone machache tu, gudulia likajaa.

"Bado."

Akamimina tena, yakafurika, yakatiririka mezani, yakamlowesha viatu, na kadiri alivyomimina ndivyo koo lisiloonekana lilivyozidi kumeza hewa tupu na kulia bado, Vanthi, bado, hadi akajikuta amepiga magoti akilikumbatia gudulia kama kichwa cha mgonjwa.

Sababu aliijua. Ndani ya shingo, mfinyanzi alificha kikombe kidogo, ili wafiwa wammiminie marehemu mafuta kidogo na majirani waone gudulia limejaa. Chini yake tumbo zima tupu. Ndiyo hila aliyowachekeshea watu Berlin. "Hata wafu walipunjwa!" alisema, wakampigia makofi.

Hakurudi nyumbani tena. Thrasos alipomkuta amelala chini, nywele zimeganda mafuta, na debe la Argyris linakaribia kwisha, alikimbia kumleta Padri Yakovos.

Padri alisikiliza gudulia, akajipiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, huyu si Argyris."

"Sauti ni yake, Baba!"

"Argyris aliwahi kukuomba nini?"

Evanthia akaifuta shingo ya gudulia kwa kiganja.

"Hata siku moja?"

"Hakuniomba kitu," akasema polepole. "Alikuwa ananiambia, nenda tu, mimi nipo."

"Basi. Huyu ni wa kaburi lile mlilofukua, aliyepunjwa na ndugu zake. Amevaa sauti ya mumeo kwa kuwa ndio mlango aliouona wazi. Mshibishe aende zake, kabla hajakunywa wewe."

"Akienda, sauti hii nitaisikia wapi tena?"

Padri akalisukuma debe karibu naye.

Evanthia akachukua nondo nyembamba, akaitumbukiza shingoni.

"Profesa, jamani, usi—" Thrasos akafumba macho.

Ka! Kikombe cha ndani kikavunjika. Akamimina, na safari hii mafuta yakashuka, yakashuka, tumbo likayapokea kwa mguno mzito, mpaka yakasimama mdomoni, na pumzi ndefu ikapita chumbani ikizigusa karatasi zote.

"Vanthi," ikasema, kama mtu anayesinzia.

Harufu ikakatika. Gudulia likarudi kuwa chombo cha udongo tu.

Jioni alikwenda makaburini na masalio ya debe. Majani yalikuwa yamelifunika jina la Argyris. Akayang'oa kwa kucha, akaijaza taa ya kaburi hadi ikafurika, akalaza sikio juu ya marumaru.

"Nimekuja, Argyris. Yametosha?"

Akangoja mpaka mlinzi akaja na funguo za lango.

Hata "bado" hakuambiwa.